Sikio Ndilo Mlango wa Ulimi

Ni ada yetu Waislamu, popote tulipo, kwamba mtoto akizaliwa huadhiniwa katika sikio lake la kulia na husomewa ikama katika la kushoto. Baba au babu humwinamia yule mchanga aliyezongwa nguo, akamtamkia polepole maneno ambayo atayasikia kila siku ya maisha yake. Waliohudhuria hufurahi, udi hufukizwa, na kila mtu hurejea kwake. Ni wachache sana kati yetu wapatao kujiuliza swali hili jepesi: je, sikio lile limesikia?

Swali hilo hatulitoi ili kuwatia watu hofu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake kubwa juu ya kusikia iliyotoka mwaka 2021, limehesabu watoto wapatao milioni 34 ambao kusikia kwao kumepungua kiasi cha kuhitaji msaada. Na likasema kwamba karibu 60 katika kila 100 ya watoto wenye kupungukiwa na kusikia wamefikwa na hayo kwa sababu ambazo zingeweza kuzuiwa. Watoto hao hawana nchi yao peke yao. Wamo majumbani mwetu, wamelala chandarua kimoja na ndugu zao, na wengi wao wazee wao hawajui. Katika makala haya twataka kueleza jinsi mtoto wa namna hiyo awezavyo kufundishwa kusema, na kwa nini kazi hiyo haikubali kungojewa.

Na tuanze na neno ambalo limewadhulumu watu wengi, nalo ni neno "bubu". Wazee wetu walipomwona mtoto amefika miaka mitatu hasemi, walidhani kasoro iko katika ulimi. Basi wengine walipelekwa kukatwa ule utando ulio chini ya ulimi, wengine wakakatwa kilimi, na wengine wakanyweshwa makombe mwaka baada ya mwaka. Na mara nyingi ulimi ule ulikuwa mzima kabisa, na koo zima, na akili timamu. Kilichokosekana ni sauti za watu kuingia ndani. Mtoto hajifunzi kusema kwa ulimi; hujifunza kwa sikio. Mchukue mtoto wa Lamu umlelee Istanbul, naye atasema Kituruki kama wenyewe, kwani ndicho kilichoingia sikioni mwake. Na yule ambaye hakuingiwa na kitu, atatoa nini?

Tusifahamike vibaya hapa. Hatusemi kwamba watu waache kumwomba Mwenyezi Mungu. Mtume s.a.w. aliomba dua, na pia ametuamrisha kujitibu. Kombe halimfungii mtu njia ya hospitali. Kinachofunga njia ni kungoja.

Kwa nini kungoja ni hatari? Ndani kabisa ya sikio mna bomba dogo lililojiviringa mfano wa nyumba ya konokono, ambalo waganga huliita koklea. Humo mna chembe hai zapata 15,000 zenye vinyweleo vyembamba mno, nazo ndizo ziupokeazo mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Mtoto huanza kuisikia sauti ya mama yake angali tumboni, katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Akizaliwa, ubongo wake huwa kama kiwanja kinachojengwa usiku na mchana, hasa katika miaka mitatu ya kwanza. Ile sehemu ya ubongo iliyowekwa kwa ajili ya sauti, ikiwa sauti haifiki, haikai wazi ikingoja. Huanza kushikwa na kazi nyingine, kama ile ya kuona. Mtoto akiletewa sauti baada ya miaka saba, hukuta nyumba imekwisha kupangishwa. Si kwamba hakuna faida kabisa, la. Bali faida ni ndogo na taabu ni nyingi.

Jambo hili si dhana. Mwaka 1998 Bi Christine Yoshinaga-Itano na wenzake, huko Colorado katika Marekani, walitoa uchunguzi wao juu ya watoto 150 wenye upungufu wa kusikia. Watoto 72 kati yao walikuwa wamegunduliwa kabla ya kutimiza miezi sita, na 78 baada ya hapo. Wale wa kwanza walikuwa mbele sana katika lugha kuliko wale wa pili, wawe wa kike au wa kiume, wawe wa matajiri au wa maskini. Tangu hapo wataalamu wameshika hesabu nyepesi kukumbuka: mtoto apimwe masikio kabla ya mwezi mmoja, ijulikane kwa yakini kabla ya miezi mitatu, na aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita.

Msomaji atauliza: mtoto wa siku mbili atapimwaje, naye hawezi kusema nimesikia wala sikusikia? Hapa pana jambo la kustaajabisha katika maumbile. Sikio lililo zima, likisikia sauti, lenyewe nalo hutoa sauti hafifu sana kuirudisha nje, mfano wa mwangwi. Mtu wa kwanza kulithibitisha hilo alikuwa David Kemp, mjini London, mwaka 1978. Basi mtoto huachwa amelala, hutiwa kijiti laini mlangoni mwa sikio, chombo hutoa sauti na kusikiliza kama sikio limejibu. Dakika chache tu, wala hapana sindano wala maumivu. Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, iliweka upimaji huu kwa watoto wachanga hospitalini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki upimaji huo haujaenea, na hospitali nyingi za wilaya hazina chombo hicho. Kwa hiyo jicho la mama na la nyanya bado ndilo chombo cha kwanza, na yafaa lijue la kutazama.

Wengi hudanganyika kwa njia tatu. Ya kwanza, mtoto kiziwi hulia, hucheka, na hutoa sauti za raha katika miezi yake ya mwanzo kama mtoto yeyote. Mama husema, "Huyu mwanangu ana maneno!" Lakini baina ya miezi sita na kumi mtoto asikiaye huanza kupanga silabi, ba-ba-ba, da-da-da, ma-ma-ma, na yule asiyesikia huchelewa kufika hapo, au hunyamaza kidogo kidogo. Ukimya huo wa mwezi wa kumi ndio wa kutia shaka, wala usisubiri mwaka wa tatu.

Ya pili, watu humpima mtoto kwa kupiga kofi mbele yake au kubamiza mlango. Mtoto huona kivuli cha mkono, huhisi upepo, au sakafu hutetemeka chini yake, naye hugeuka, na nyumba nzima hupumua, "Anasikia!" Mwenye kutaka kupima nyumbani na ampakate mtoto mtu mmoja, na mwingine akae nyuma, nje ya upeo wa macho yake, amwite kwa sauti ya kawaida, kisha kwa mnong'ono, na avunge karatasi. Hata hivyo jibu la yakini hutoka kwa mpimaji wa masikio.

Ya tatu ndiyo kubwa, na twaomba wazee waisome mara mbili. Uziwi si giza totoro siku zote. Watoto wengi husikia nusu. Mtoto wa namna hiyo husikia ngoma, husikia pikipiki, husikia kipaza sauti cha msikitini. Lakini zile herufi nyembamba, s na f na sh na th, hazimfikii kabisa. Maneno humjia kama barua iliyonyeshewa mvua. Akiitwa kwa karibu huitika, akiitwa kutoka chumba cha pili haitiki, na watu husema, "Husikia apendapo." Basi huhesabiwa mkaidi, hupigwa nyumbani kwa utovu wa adabu, na chuoni kwa kutohifadhi. Ni watoto wangapi wamechapwa kwa ajili ya herufi wasiyoisikia?

Wala midomo haitoshi kumwokoa. Jaribu wewe mwenyewe mbele ya kioo, bila kutoa sauti, kusema "mama", kisha "baba", kisha "papa". Utaona midomo imefanya kitu kimoja tu mara tatu. Mtoto asomaye midomo hana njia ya kutofautisha mama yake na samaki, ila kwa kutazama mnazungumza habari gani.

Juu ya sababu tutapita haraka, kwani zahitaji makala yake. Ziko surua, matubwitubwi na homa ya uti wa mgongo. Iko rubela impatayo mama mjamzito. Iko manjano kali ya mtoto mchanga isiyotibiwa upesi. Ziko dawa kama jentamaisini zitumiwapo kupita kiasi. Na yako masikio yatokayo usaha miezi na miaka, ambayo watu huyachukulia kuwa ni jambo la utoto litakaloondoka lenyewe. Chanjo na tiba ya mapema huzuia nyingi katika hizo. Tena uko uziwi wa kurithiwa, ambao huongezeka katika koo zenye kuoana wenyewe kwa wenyewe kizazi baada ya kizazi. Dini yetu imeruhusu mtu kumwoa binti wa ami yake, lakini haikuwajibisha. Na ukoo ambao tayari una viziwi wawili watatu una haki ya kufikiri kabla ya kuposa.

Habari hiyo ya koo, kwa hakika, ndiyo iliyozaa elimu tunayoizungumza. Katika karne ya 16 huko Spain ulikuwako ukoo mkubwa wa Velasco, wenye mali na vyeo, uliokuwa ukioana ndani kwa ndani, na watoto viziwi wakazaliwa wengi. Wawili kati yao, Francisco na Pedro, walipelekwa kwa mtawa mmoja aitwaye Pedro Ponce de León, katika nyumba ya watawa ya Oña, naye akawafundisha kusoma, kuandika, na kusema kwa ulimi. Hapo kabla watu wengi wenye elimu katika Ulaya walishika kwamba kiziwi hafundishiki. Mwaka 1620 Juan Pablo Bonet akapiga chapa mjini Madrid kitabu juu ya ufundishaji huo, nacho ndicho kitabu cha kwanza kujulikana katika fani hii. Lakini walimu wale hawakuwa na njia ya kumpa mtoto sauti. Walifundisha kwa jicho na kwa mkono tu. Sisi wa leo tuna jambo ambalo wao hawakuwa nalo.

Jambo hilo ni vifaa vya kusaidia kusikia, ambavyo wengine huviita shime-sikio. Kifaa hiki huikuza sauti na kuiingiza sikioni. Wale ambao koklea yao imeharibika sana, hata sauti iliyokuzwa haiwafai, hupasuliwa na kutiwa ndani ya koklea uzi mwembamba wenye kupeleka umeme hafifu moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu. Zamani watoto wa Tanzania waliohitaji operesheni hiyo walipelekwa India. Tangu mwaka 2017 imekuwa ikifanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Ni tiba ya gharama kubwa, na mara nyingi jamaa na marafiki huchanga.

Na hapa ndipo penye msiba ambao hautajwi. Watu huchanga, mtoto hupasuliwa, kifaa huwashwa baada ya majuma kadhaa, na nyumba yote hukaa ikingoja aseme. Hasemi. Baada ya miezi miwili huanza minong'ono kwamba fedha zimepotea. Masikini, hawakuambiwa, au waliambiwa hawakusikia, kwamba kifaa hutoa sauti tu, hakitoi lugha. Mtoto wa miaka miwili aliyewashiwa kifaa leo ana umri wa siku moja katika kusikia. Mtoto wenu mwingine mlimpa mwaka mzima wa kusikiliza kabla hajatamka neno lake la kwanza, wala hamkumlaumu. Mpeni na huyu mwaka wake.

Katika mwaka huo ndimo inamofanyika kazi ya mtaalamu wa matamshi. Watu hudhani kazi yake ni kumshika mtoto ulimi na kumwambia sema hivi. Sivyo. Yeye huanza na kusikiliza. Kwanza mtoto ajue kwamba sauti ipo na sasa haipo. Kisha ajue kwamba sauti hii si ile. Kisha aitambue kwa jina. Na mwisho aifahamu maana yake. Ngazi nne, na hairukwi hata moja.

Kwa ngazi ya kwanza uko mchezo mmoja ambao kila nyumba yaweza kuucheza. Daniel Ling, mwalimu wa viziwi aliyefanya kazi yake Montreal katika Kanada, alichagua sauti sita zenye kukusanya mapana yote ya usemi wa binadamu, toka nzito hata nyembamba. Sauti hizo ni m, u, a, i, sh na s. Na zote sita, alhamdulillahi, zimo katika Kiswahili. Mtoto akiwa amepata umri wa kucheza, mpe kete ya bao aishike karibu na sikio lake, na mkubwa awe karibu asije akaitia kinywani. Mama akae upande mmoja, mdomo wake usionekane, aseme "mmm". Mtoto akisikia, aitie kete shimoni. Kisha "uuu", na hivyo hivyo mpaka "sss". Fanyeni kila asubuhi, dakika mbili. Ikiwa jana aliisikia s na leo haisikii, mna jambo: betri imekwisha, au kile kipande cha sikioni kimeziba nta, au sikio limeanza kuugua. Mtoto mwenyewe hawezi kukuambieni. Mchezo huu ndio ulimi wake.

Mtaalamu humwona mtoto saa moja kwa juma, na wengine saa moja kwa mwezi. Mtoto mdogo huwa macho kama saa kumi kwa siku, nazo ni saa sabini kwa juma. Saa moja ni ya mtaalamu. Sitini na tisa ni za mama, baba, nyanya, dada na mtumishi wa nyumbani. Kwa hiyo aliye hodari katika fani hii hamfundishi mtoto peke yake, bali humfundisha mama mbele ya mtoto. Mzazi akiona mtaalamu anamchukua mtoto na kumfungia mlango nje, ana haki ya kuomba aingie.

Afanye nini mama katika saa zile? Asiweke darasa. Aongee na kazi yake. Apikapo chapati, aseme: "Unga. Naweka unga. Maji kidogo. Nakanda, nakanda, nakanda. Oo, chapati ya moto! Puliza." Maneno yale yale yarudi kesho na kesho kutwa, wakati ule ule, kwani mtoto huyu ahitaji kulisikia neno mara nyingi zaidi kuliko ndugu yake kabla halijakaa. Kwanza asikie, ndipo aone: mama aseme "mpira" kabla ya kuutoa mpira kapuni. Akae karibu. Ukiusogea mdomo wako kutoka hatua mbili hadi hatua moja, nguvu ya sauti imfikiayo mtoto huwa maradufu, bila ya kupiga ukelele. Kelele haisaidii, huziharibu herufi na kumtisha mtoto. Wala midomo isipanuliwe kama mtu anayetafuna boga. Na zimeni redio na televisheni. Sikio zima huchagua sauti ya mama likaiacha ya redio, lakini kifaa hukuza vyote sawasawa, na feni ya darini huweza kummeza mama mzima.

Kisha subirini. Hili kwa watu wetu ni gumu, kwani sisi ni watu wa maneno. Mama humwuliza mtoto, "Wataka maji?" na kabla hajavuta pumzi humjibia mwenyewe, "Anataka maji." Uliza, unyamaze, mtazame, na ukimya ukuchoshe. Katika ukimya ule ndipo mtoto hulitafuta neno.

Kiswahili kwa mtoto huyu kina rehema yake na kina mtihani wake. Rehema ni kwamba irabu zetu ni tano tu, ni wazi na zina nguvu, na karibu kila silabi huishia kwazo. Hata mwenye kusikia kidogo huzipata. Mtihani ni kwamba maana tumeitundika mwanzoni mwa neno, katika visilabi vyepesi visivyokazwa sauti. Tazama "nimempiga" na "amenipiga". Mtoto asiyevishika vile vidogo vya mbele atawaambia wazee kwamba amempiga mwenzake, hali yeye ndiye aliyepigwa, naye ataadhibiwa mara ya pili. Kwa hiyo neno lake likija pungufu, asikemewe wala asilazimishwe kulirudia mbele ya wageni. Alisemapo "napiga" akimwonyesha nduguye, mama amrudishie sawa, kwa upole: "Ndiyo, amekupiga. A-me-ku-piga."

Sauti nyingine huonyeshwa kwa mkono. Mtoto awekwe kiganja kooni mwa mama wakati wa z, asikie mtetemo; kisha s, mtetemo umekwenda. Unyoya mbele ya mdomo huruka kwa p. Kidole pembeni mwa pua hutikisika kwa m. Mambo haya ni ya zamani, na bado yanafaa, ili mradi yasichukue mahali pa kusikiliza.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba kila mtoto atapata kifaa, na mtaalamu, na nauli. Twajua sivyo. Kozi ya shahada ya tiba ya usemi ilianza Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008 tu, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya Mashariki. Wataalamu hao hata leo ni wachache na wamekusanyika mijini. Tena wako watoto ambao hata kwa kifaa bora sauti haiwatoshi. Hao tuwafanyeje? Tuwaache bila lugha yoyote mpaka ulimi ufunguke?

Walioshika fani hii zamani walikosea sana mahali hapa. Mwaka 1880 walikutana mjini Milan, katika Italia, wakaamua kwamba viziwi wafundishwe kwa ulimi peke yake na ishara ziondolewe mashuleni. Vizazi vya watoto vilikatazwa mikono yao. Mwaka 2010, walimu wa viziwi wa dunia walipokutana Vancouver, waliyakana maazimio hayo na kusikitika kwa madhara yake; lakini ilikwisha pita miaka 130. Hata katika nchi zetu, shule za mwanzo, kama ile ya Tabora iliyofunguliwa 1963 na ile ya Buguruni ya 1974, zimekuta mjadala huo. Kenya imeiandika Lugha ya Ishara katika Katiba yake ya mwaka 2010, ikawa moja katika lugha rasmi za Bunge.

Rai yetu ni kwamba mtoto ana haki ya lugha kamili mapema, iingie kwa mlango wowote ulio wazi. Watoto waliozaliwa na wazazi viziwi, wakaonyeshwa lugha ya ishara tangu siku ya kwanza, huijua kwa wakati ule ule ambao wenzao huujua usemi. Mkono haumwui ulimi. Ukimya ndio uuao. Wala hili si geni katika sheria yetu. Mafakihi wa zamani waliikubali ishara ya bubu yenye kufahamika, wakaijaalia imesimama mahali pa tamko katika kuuza na kununua, na hata katika ndoa. Waliofanya hivyo hawakumwona kuwa nusu mtu.

Limebaki jambo la chuoni. Mwalimu akiletewa mtoto mwenye kifaa sikioni, amkalishe mbele, mgongo wa mtoto ukiwa upande wa ukuta na si upande wa dirisha la barabarani, na yeye mwenyewe asimame mwangani ili mdomo wake uonekane, na ndevu zisiufunike. Watoto hamsini wakisoma kwa sauti moja, yeye hasikii ila mvumo. Kwa hiyo atengewe dakika kumi peke yake, kabla ya wenzake kufika au baada ya kuondoka. Herufi sin, shin, sad na tha zitamchelewesha kuliko nyingine zote, wala hilo si uvivu. Asivuliwe kifaa kwa ajili ya udhu mpaka maji yawe tayari, akivue mwenyewe kwa mkono mkavu, akiweke katika kikopo chake chenye kifuniko, na amalizapo kujifuta ndipo akivae tena. Na katika miji yetu ya pwani yenye joto na chumvi, kikopo hicho kitiwe kila usiku vile vipakiti vya kunyonya unyevu, kwani jasho huviharibu vifaa hivi upesi kuliko kitu kingine chochote.